Mkate wa Jeshi la Sita

Katika Kiswahili neno jeshi lina maana mbili, na ni lazima zitenganishwe kabla ya historia hii kuanza. Kwa maana pana, jeshi ni askari wote wa nchi pamoja na silaha na makamanda wao. Kwa maana finyu, inayofuata mpangilio wa kijeshi wa Ulaya, jeshi ni muundo mmoja tu kati ya mingi ya nchi hiyo hiyo, ulio juu ya kikosi kikuu, ambacho ni muungano wa divisheni mbili au zaidi, na chini ya kundi la majeshi, linalosimamia eneo zima la vita. Jeshi la Sita la Ujerumani lilikuwa jeshi kwa maana hii ya pili. Kiini chake kilikuwa makao makuu ya jenerali mmoja na mnadhimu wake, yaani afisa anayeratibu mipango yote ya mapigano na ugavi, na divisheni ziliongezwa au kuondolewa chini ya makao hayo kadiri vita vilivyotaka, hata ikafika majira ya baridi ya mwaka 1942 watu wapatao robo milioni au zaidi wakawa wamenaswa chini ya jina hilo kando ya mto Volga. Historia ya jeshi hili imezoeleka kusimuliwa kwa mishale ya ramani. Ikifuatwa kwa njia ya mkate, yaani kwa kuuliza nani alilishwa, nani alinyimwa na nani aliyeamua, huonekana mambo ambayo mishale haiyaonyeshi.

Jeshi la Sita lilizaliwa Oktoba 1939, pale Jeshi la Kumi, lililokuwa limetoka kupigana Poland, lilipobadilishwa jina na kupelekwa upande wa magharibi chini ya Walther von Reichenau, mmoja wa majenerali waliomuunga mkono Adolf Hitler tangu mapema. Tarehe 10 Mei 1940 lilipita ncha ya kusini ya Uholanzi karibu na Maastricht na kuingia Ubelgiji, na tarehe 28 mwezi huo huo Mfalme Leopold III akasalimu amri. Ushindi wa haraka namna hiyo uliwaaminisha wengi kwamba jeshi la Kijerumani lilikuwa jeshi la vifaru na malori, ilhali sehemu yake kubwa ilikwenda kwa miguu na kwa kwato. Divisheni ya kawaida ya askari wa miguu mwanzoni mwa vita ilikuwa na watu wapatao 17,000 na farasi karibu 5,000, ambao ndio waliokokota mizinga, mikokoteni ya risasi na majiko ya safarini. Jiko la namna hii lilikuwa sufuria kubwa ya chuma iliyofungwa juu ya magurudumu, yenye tanuri chini yake na bomba la moshi lililosimama wima, na kwa sababu bomba hilo kwa mbali lilifanana na mtutu, askari waliliita kwa mzaha mzinga wa mchuzi. Pale mzinga huo ulipofika kwa wakati, divisheni ilikuwa hai. Ulipochelewa siku tatu, hapakuwa na mzinga mwingine ulioweza kuziba pengo lake.

Ubelgiji na Ufaransa zilikuwa na barabara nzuri, ghala zilizojaa na umbali mfupi, kwa hiyo swali la mkate halikuumiza kichwa cha mtu. Lilipopangwa shambulio dhidi ya Umoja wa Kisovyeti, wakuu wa Berlin walilijibu swali hilo mapema na kwa maandishi. Katika miezi ya kwanza ya mwaka 1941, wizara ya chakula, ambamo Herbert Backe alikuwa mtendaji mwenye nguvu zaidi, pamoja na ofisi za uchumi wa vita zilikubaliana kwamba wanajeshi wote wa Ujerumani watakaoingia mashariki walishwe kwa chakula cha huko huko, na kumbukumbu za kikao cha tarehe 2 Mei 1941 zilikiri bila kificho kwamba mamilioni ya watu wangekufa kwa njaa kitakapochukuliwa kile ambacho Ujerumani ilikihitaji. Njaa ya wenyeji basi haikuwa ajali ya vita: iliingizwa katika hesabu za ugavi kabla risasi ya kwanza haijafyatuliwa.

Tarehe 22 Juni 1941 Jeshi la Sita lilivuka mpaka na kuingia Ukraine, likiwa sehemu ya Kundi la Majeshi la Kusini lililoongozwa na Gerd von Rundstedt. Nyuma yake vilifuata vikosi maalumu vya SS, yaani chombo cha chama cha Hitler kilichokuwa na jeshi lake na polisi wake chenyewe, ambavyo kazi yake ilikuwa kuwaua Wayahudi na maafisa wa chama cha Kikomunisti. Baada ya vita majenerali wengi walidai kwamba mauaji hayo yalikuwa ya wengine na kwamba jeshi lilipigana tu, lakini yaliyotokea Agosti 1941 katika mji wa Bila Tserkva, kusini mwa Kiev, yanayakanusha madai hayo. Watoto wa Kiyahudi wapatao 90, ambao wazazi wao walikuwa wameshapigwa risasi, walifungiwa katika nyumba moja bila chakula wala maji, na kasisi wa jeshi aliyeingia humo aliripoti kwamba aliwaona baadhi yao wakikwangua chokaa ukutani na kuila. Luteni Kanali Helmuth Groscurth, mnadhimu wa Divisheni ya 295, alisimamisha mauaji yao na kulipeleka shauri makao makuu ya Jeshi la Sita, akitumaini kwamba jenerali angeyazuia. Reichenau aliamua kwamba kazi iliyoanzwa imalizwe, na watoto wakauawa.

Mwezi uliofuata, Septemba, Jeshi la Sita lilishiriki kuyazingira majeshi ya Kisovyeti mashariki ya Kiev, ambako Wajerumani walidai kuwateka watu zaidi ya 600,000, na tarehe 19 likaingia mjini. Siku kumi baadaye Wayahudi wa Kiev waliamriwa, kwa matangazo yaliyochapishwa kwa mitambo ya jeshi na kubandikwa ukutani, wakusanyike na nguo zao za baridi na vitu vyao vya thamani, kisha wakapelekwa kwenye bonde la Babi Yar, ambako kwa siku mbili, tarehe 29 na 30 Septemba, vikosi vya SS na polisi viliwaua watu 33,771 kwa hesabu ya wauaji wenyewe.

Tarehe 10 Oktoba 1941 Reichenau aliwatumia askari wake wote waraka kuhusu mwenendo wao mashariki. Waraka huo uliwataka waone mauaji ya Wayahudi kuwa ni adhabu ya haki, lakini haukuishia hapo, bali uligusa pia majiko. Ndani yake jenerali alilalamika kwamba baadhi ya askari walikuwa wakiwapa wenyeji na mateka chakula kutoka majiko ya jeshi, na kwamba kumlisha mtu asiyelitumikia jeshi, kama ilivyo kumgawia sigara na mkate, ni utu uliopotoka. Hitler aliusifu waraka huo na ukasambazwa kwa majeshi mengine. Thamani yake kwa mwanahistoria ni ya namna mbili, kwa kuwa unaonyesha amri ilivyotoka juu, na papo hapo unathibitisha kwamba walikuwako askari wa kawaida waliokata kipande cha mkate wao na kumpa mtu mwenye njaa, vinginevyo jenerali asingekuwa na sababu ya kuwakataza.

Amri hiyo ilitekelezwa hasa katika mji wa Kharkov, ambao Jeshi la Sita liliuteka tarehe 24 Oktoba. Ghala za nafaka zilichukuliwa, barabara za kwenda vijijini zikawekewa vizuizi, na katika majira ya baridi yaliyofuata maelfu ya wakazi wa mji huo walikufa kwa njaa. Katika kambi za mateka mambo yalikuwa mabaya zaidi: kati ya askari wa Kisovyeti waliotekwa na majeshi yote ya Ujerumani, takriban milioni mbili walikuwa wameshakufa kufikia Februari 1942, wengi wao kwa njaa, baridi na maradhi. Reichenau hakuuona mwisho wa majira hayo ya baridi. Alipatwa na kiharusi katikati ya Januari 1942, akafariki tarehe 17 akisafirishwa kwa ndege kurudi Ujerumani.

Aliyekuwa ameshakabidhiwa Jeshi la Sita ni Friedrich Paulus, afisa mtaratibu, nadhifu, bingwa wa kazi za mezani, aliyeshiriki kuandaa mpango wa kuuvamia Umoja wa Kisovyeti lakini hakuwa amewahi kuongoza divisheni wala kikosi kikuu vitani. Paulus aliufuta waraka wa mtangulizi wake, ingawa mfumo wa kuwalisha askari kwa nafaka ya wenyeji ulibaki vilevile. Mei 1942 alishiriki kuyavunja majeshi ya Kisovyeti yaliyokuwa yameshambulia kuelekea Kharkov, na mwishoni mwa Juni ukaanza msafara mkubwa wa kiangazi ambao shabaha zake mbili, visima vya mafuta vya Kaukazi kusini na mto Volga mashariki, ziliyatenganisha majeshi ya Kijerumani kwa mamia ya kilomita. Jeshi la Sita lilipewa upande wa Volga. Tarehe 23 Agosti Divisheni ya 16 ya vifaru iliufikia ukingo wa Volga kaskazini mwa mji wa Stalingrad, na siku hiyo hiyo ndege za Ujerumani ziliulipua mji kwa mabomu.

Kadiri jeshi lilivyosonga mbele, ndivyo uzi uliolishikilia ulivyozidi kuwa mwembamba. Reli za Kisovyeti zilikuwa na upana tofauti na za Ujerumani, hivyo zilihitaji kubadilishwa au kutumia mabehewa yaliyotekwa, na mwisho wake jeshi zima likawa linategemea njia moja ya reli iliyoishia eneo la mto Don, kutoka ambako malori na mikokoteni iliupeleka mzigo katika nyika kavu isiyo na miti wala nafaka ya kutosha. Risasi zilikula nafasi kubwa ya mzigo huo, kwa sababu ndani ya mji Jeshi la 62 la Jenerali Vasily Chuikov liligombea kila jengo, kuanzia ghala la nafaka la kusini hadi viwanda vya kaskazini. Malisho ya farasi yalipokosa nafasi kwenye mabehewa, farasi wengi wa Jeshi la Sita walirudishwa nyuma kabla ya baridi kuingia, uamuzi ulioonekana wa busara siku ulipotolewa, lakini uliiacha mizinga mikubwa bila wa kuikokota. Hivyo, kabla adui hajalizingira, jeshi hilo lilikuwa limeshapoteza uwezo wa kuondoka.

Tarehe 19 Novemba 1942 majeshi ya Kisovyeti yalishambulia kaskazini-magharibi mwa Stalingrad, na kesho yake kusini, kote huko yakilenga mistari ya Jeshi la Tatu na la Nne la Romania, washirika wa Ujerumani waliopewa eneo refu la kulinda bila silaha za kutosha dhidi ya vifaru. Tarehe 23 ncha mbili za shambulio zilikutana karibu na Kalach kwenye mto Don, na ndani ya mzingo zikabaki divisheni 20 za Kijerumani, mbili za Kiromania, na makumi ya maelfu ya raia wa Kisovyeti waliokuwa wakilitumikia jeshi hilo kama vibarua, wengine kwa hiari, wengine kwa sababu ilikuwa njia pekee ya kutoka kwenye kambi za njaa. Wajerumani huuita mzingo wa namna hii *Kessel*, neno ambalo kwao ni lile lile la chungu kikubwa au sufuria. Sufuria hiyo haikuwa na kitu ndani.

Hitler aliamuru jeshi libaki mahali pake, akitegemea ahadi ya Hermann Göring, mkuu wa jeshi la anga, kwamba lingelishwa kwa ndege. Hesabu ya ahadi hiyo ingeweza kufanywa na karani yeyote wa ghala. Makao makuu ya Paulus yaliomba kwanza tani 750 kwa siku, kisha yakashusha hadi 500. Ndege kuu ya mizigo, Junkers Ju 52, ilibeba kama tani mbili, maana yake ndege 250 zilipaswa kutua kila siku, katikati ya ukungu na theluji, kwenye viwanja vichache ambavyo mkubwa wake ulikuwa Pitomnik. Wolfram von Richthofen, aliyeliongoza jeshi la anga katika eneo hilo, alisema waziwazi kwamba jambo hilo haliwezekani. Siku iliyofanikiwa kuliko zote, tarehe 19 Disemba, zilifika karibu tani 290, lakini wastani wa kipindi chote ulizidi kidogo tu tani 100. Disemba hiyo hiyo kikosi cha vifaru cha uokozi, kilichotumwa na kamanda wa Kijerumani Erich von Manstein, kilisogea hadi umbali wa kilomita 50 hivi kutoka kwenye mzingo, kikakwama, kisha kikarudi; na tarehe 24 vifaru vya Kisovyeti vikavamia uwanja wa Tatsinskaya, ambako ndege za mizigo zilikuwa zikipaa.

Mgao wa mkate uliteremka hadi gramu 200 kwa siku, baadaye 100, na katika vikosi vingi chini ya hapo, ukisindikizwa na supu ya nyama ya farasi waliobaki, hasa wa divisheni ya wapandafarasi ya Kiromania. Katikati ya Disemba vifo vya ghafla viliongezeka miongoni mwa askari wasio na jeraha wala maradhi yanayojulikana. Mtaalamu mmoja wa uchunguzi wa maiti aliingizwa kwa ndege ili atafute sababu, na kwa kuwa miili ilikuwa imeganda kama gogo, ilimbidi aiyeyushe kwanza kando ya moto kabla ya kuipasua. Katika karibu nusu ya maiti hamsini hivi alizozichunguza aliikuta dalili ile ile: mafuta ya mwili yamekwisha kabisa, na misuli imesinyaa. Jibu lake lilikuwa njaa, neno ambalo wakuu hawakutaka kulisikia.

Jeshi linapokosa chakula huamua nani atangulie kukosa, na utaratibu uliofuatwa ndani ya mzingo uliendeleza ule wa mwaka 1941. Wa kwanza walikuwa mateka wa Kisovyeti waliofungiwa katika kambi iliyokuwa ndani ya mzingo wenyewe, ambao mgao wao ulikatwa hadi wakaanza kufa kwa wingi, na Wasovyeti walipoifikia kambi hiyo waliwakuta wachache mno wakiwa hai. Wa mwisho walikuwa Wajerumani wenyewe. Pitomnik uliangukia mikononi mwa adui tarehe 16 Januari 1943, na uwanja wa Gumrak siku chache baadaye. Tarehe 28 Januari makao makuu ya Jeshi la Sita yaliagiza kwamba majeruhi na wagonjwa wasipewe chakula tena, ili kilichobaki kiende kwa wanaoweza kushika silaha. Kanuni ya Reichenau, kwamba mkate ni wa anayelitumikia jeshi, ilikuwa sasa imefika kitandani kwa askari wa jeshi hilo hilo.

Tarehe 30 Januari Hitler alimpandisha Paulus kuwa fildi mashali, cheo cha juu kabisa cha jeshi la nchi kavu, akitarajia ajiue kwa kuwa hapakuwa na Mjerumani wa cheo hicho aliyewahi kukamatwa hai. Paulus alitekwa kesho yake katika chumba cha chini cha duka kubwa la mji, na tarehe 2 Februari kundi la kaskazini la Jenerali Karl Strecker nalo likasalimu amri. Mateka wapatao 91,000 walitembezwa kwenye theluji wakiwa na chawa na matumbo matupu, kuelekea kambi ambazo hazikuwa zimeandaliwa kwa idadi hiyo, katika nchi ambayo raia wake wenyewe walikuwa na njaa. Tifasi, homa inayoenezwa na chawa, iliwamaliza wengi wao kabla ya majira ya kuchipua kwisha. Waliorudi kwao hawakuzidi 6,000 hivi, wa mwisho wao mwaka 1955, baada ya Kansela Konrad Adenauer kwenda Moscow kuwaombea.

Jina halikuzikwa pamoja nao. Machi 1943 Hitler aliagiza Jeshi la Sita liundwe upya, na vikosi vilivyokuwa chini ya Jenerali Karl-Adolf Hollidt vikapewa jina hilo. Jeshi hili la pili lilipigana kwenye mto Mius, kisha likarudi nyuma kupitia Donbas wakati wa sera ya kuteketeza kila kitu, ambapo amri kutoka juu zilidai pasiachwe nyuma mtu, ng'ombe wala gunia la nafaka. Agosti 1944 lilikuwa mpakani mwa Romania, na pembeni yake, kama katika Novemba ile ya 1942, lilikuwapo Jeshi la Tatu la Romania chini ya jenerali yule yule, Petre Dumitrescu. Tarehe 20 Wasovyeti walishambulia, tarehe 23 Romania ikageuka upande, na Jeshi la Sita likazingirwa na kusambaratishwa kwa mara ya pili. Mabaki yake, yaliyojazwa vikosi vingine, yalipigana Hungaria hadi majira ya kuchipua ya 1945, yakarudi nyuma kuingia Austria, na Mei mwaka huo kamanda wao wa mwisho, Hermann Balck, akafanya haraka kujisalimisha kwa Wamarekani badala ya Wasovyeti.

Wahenga husema mchimba kisima huingia mwenyewe, na ni rahisi kuifunga historia ya Jeshi la Sita kwa methali hiyo, kwamba jeshi lililowanyima wengine mkate lilikufa kwa kukosa mkate. Lakini orodha ya waliokufa inaipinga methali. Aliyekichimba kisima, Reichenau, alikufa akiwa ameshiba, mwaka mzima kabla ya mzingo kuanguka. Paulus alipata mgao wa afisa katika kifungo chake, akatoa ushahidi katika kesi ya Nuremberg mwaka 1946 dhidi ya wakuu wake wa zamani, akaachiwa mwaka 1953 na kufariki Dresden mwaka 1957. Waliotumbukia kisimani walikuwa vijana walioandikishwa miaka miwili au mitatu kabla, vibarua wa Kisovyeti waliojiunga ili wale, na mateka ambao hawakuwa wamechagua lolote. Alikuwamo pia Helmuth Groscurth, aliyejaribu kuwaokoa wale watoto wa Bila Tserkva. Alikuwa mnadhimu wa kikosi cha Strecker katika siku za mwisho, akatekwa pamoja naye, na akafa kwa tifasi kambini Aprili 1943.